Mjadala: Chuo cha umma kimlazimishe mwanafunzi kutumia SPSS?

Msomi wa Wendani: Wadau, nisaidieni kabla presha haijanipanda. Niko mwaka wa pili wa uzamili, nalinganisha mvua na malaria kaunti kwa kaunti. Msimamizi wangu anataka majedwali ya SPSS peke yake, ile programu ya takwimu ya kulipia, ati ndiyo wanayoyasoma kwenye idara. Leseni siiwezi. Kuna kijana mjini anayeuza ya wizi kwa bei ya chapati na maharagwe, lakini flashi yake ilikula tasnifu ya mwenzangu nzima. Swali: ni haki chuo cha umma kumlazimisha mtu atumie programu ya kulipia na R, lugha ya takwimu, ipo bure? Na kama ni R, niandikie wapi, RStudio, VS Code, Emacs au Jupyter? Laptopu yangu ina gigabaiti 4 tu. Halafu kajambo kadogo: nikiunganisha jedwali la mvua na la sensa ya 2019 napata kaunti 46 badala ya 47. Sijui moja imeenda wapi.

Mzee wa Terminali: Haki ya nini? Huo ni uvivu wa maprofesa. SPSS ilizaliwa 1968, enzi za kadi za kutoboa matundu, na wao walikwama hapo. Chukua R na Vim, ile programu nyepesi ya kuandikia, ufunge mdomo, ufanye kazi. Vim inaenda hata kwenye mashine iliyookotwa. Anayebofya-bofya menyu hafanyi sayansi, anafanya kazi ya saiba: leta karatasi, nikuchapishie, lipa kumi.

Mama Takwimu: Mzee, shikamoo, lakini hapo umenikanyaga. Nimebofya miaka 19. Takwimu anazozitafuna huyo mtoto zimepita kwa watu kama mimi, orofa ya nne, lifti mbovu, stima ikipotea tunahesabu kwa mwanga wa simu. Na kwa taarifa yako, SPSS ina kitufe cha Paste. Kila ulichobofya kinaandikwa kama amri, unakihifadhi, kesho unakiendesha upya na jibu ni lile lile. Hulijui hilo kwa sababu hujawahi kuifungua. Hata data za DHS ya 2022, ule utafiti wa afya wa kaya kwa kaya, unazipata zikiwa tayari za SPSS na ya mwenzake Stata, lebo zote ndani.

Mzee wa Terminali: Marahaba. Sikukusema wewe, nimesema wanaobofya.

Mama Takwimu: Na mimi nabofya.

Mhasibu wa Indastria: Saiba imewakosea nini? Karo ya uhasibu wangu ilitoka saiba ya Kayole, kuchapisha CV za watu hadi usiku. Tena mnajidai na R na Vim, mwisho wa siku mkubwa wako anakwambia, "Nitumie kwa Excel." Muda wote huu mngekuwa mmeanzia huko.

Chatu wa Rongai: Excel kwa sayansi? Ndugu, 2020 wataalamu wa jeni walibadilisha majina ya jeni kwa sababu ya Excel. MARCH1 ikawa MARCHF1, maana kila ukiiandika Excel inaona tarehe moja Machi. Mwaka huo huo Uingereza karibu visa 16,000 vya korona vikaachwa nje ya hesabu kwa siku kadhaa, faili limejaa, halipokei mistari zaidi ya 65,536. Lugha ya Python ndani ya Jupyter, kijana, usihangaike. R yenyewe ni ya Waaustralia wawili waliotaka kitu cha kufundishia darasa.

Mhasibu wa Indastria: Hilo lilikuwa faili la mtindo wa zamani. La sasa linabeba mistari 1,048,576. Mtu akibeba gunia dogo sokoni, mahindi yana kosa gani?

Profesa Bila Kiti: New Zealand, si Australia. Ihaka na Gentleman, Chuo Kikuu cha Auckland. Kawaite Waaustralia uone, ni kama kumwambia mtu wa Nairobi Kiswahili chake ni cha Dar.

Chatu wa Rongai: Asante Profesa. Hoja yangu kuhusu jeni umeijibu vizuri sana.

Binti wa Umoja: Kwa maneno ya Mzee nimeweka Vim jana usiku. Nafungua tu, hata herufi moja sijaandika, kioo kinaniambia niwasaidie watoto maskini wa Uganda. Jamani! Hata programu ya kuandikia inatuombea?

Jirani wa Busia: Inatuombea sisi nani, wewe ni Mganda? Aliyeitunga ni Mholanzi, Bram Moolenaar. Alijitolea Kibaale, kusini mwa Uganda, miaka ya tisini, akaona ukimwi ulivyoacha mayatima. Akasema programu ni bure, ukitaka kunishukuru wasaidie wale watoto. Alifariki 2023 na ujumbe bado upo. Wewe umemnunulia nani daftari?

Binti wa Umoja: Hujui nilichomnunulia nani, na sitakutajia. Sijamtukana marehemu. Nauliza kwa nini neno la kwanza kuhusu kwetu, kwenye mashine za wanasayansi dunia nzima, liwe "maskini". Angeandika "lipieni karo Kibaale" ingempunguzia nini?

Jirani wa Busia: Mwenye njaa hachagui kivumishi.

Binti wa Umoja: Mwenye njaa hajaulizwa. Hapo ndipo shida ilipo.

Mzee wa Terminali: Mimi nauona huo mstari miaka na miaka. Sijawahi kuusoma mpaka leo.

Mama Takwimu: Na ndio mnaotusomea data.

Profesa Bila Kiti: Mama, hiyo nimeiweka mfukoni. Lakini Binti ana hoja, na Jirani ana hoja, na msimamizi wa huyu kijana bado hana hoja. Wanaotaka menyu za SPSS bila leseni, PSPP ipo, ya bure, inafungua faili zile zile. Sijui kwa nini hakuna anayeitaja.

Msomi wa Wendani: Samahani wakubwa, bado ni 46.

Chatu wa Rongai: Leta Python.

Mzee wa Terminali: Nyamaza na Python yako. Mistari 47 haihitaji lugha, inahitaji macho.

Profesa Bila Kiti: Kijana, tumia amri ya anti_join kwenye R. Uliza majina yaliyo kwenye jedwali moja na hayapo kwenye lingine.

Msomi wa Wendani: Nimepata! Ni Murang'a. Kwenye sensa apostrofi imesimama wima, kwenye mvua imepinda, kwa sababu majina ya mvua niliyaandika kwenye simu nikiwa ndani ya matatu. Kwa macho huwezi kutofautisha, nimelazimika kukuza maandishi mpaka ng ikajaa kioo. Wiki tatu natembea na ramani yenye shimo juu ya Kiambu na msimamizi ameisaini. Watu zaidi ya milioni moja, kisa alama moja!

Profesa Bila Kiti: Merge ya R, amri ya kuunganisha majedwali, huwatupa wasiolingana bila kusema kitu, usipoiambia iwabakishe.

Chatu wa Rongai: Hata ya pandas, ile ya majedwali kwenye Python, nikiri.

Mhasibu wa Indastria: VLOOKUP ya Excel, ukiiambia itafute jina lile lile, ingemwandikia #N/A, yaani halipo, kwenye mstari wa Murang'a siku ya kwanza. Kwa wino mweusi.

Mzee wa Terminali: Hiyo ni bahati tu.

Mhasibu wa Indastria: Iko menyu gani hiyo bahati, nikaibofye?