Majani ya mwembe yana vipele, ukipasua ndani kuna mdudu. Anaingiaje humo?

Kibarazani
Wakuu habari za jioni. Nina mwembe wa kupandikiza hapa Goba, mti hauna shida unachanua vizuri tu ila majani yamejaa vipele vigumu vya duara, vingine kijani vingine vishakuwa vyeusi vina katundu katikati. Jirani anasema ugonjwa, muuza dawa kanipa ya ukungu nimepiga wapi, viko pale pale. Jana nikachukua wembe nikapasua kimoja asee, ndani kuna chumba kabisa na kafunza ka njano kamejilalia. Sasa mimi sitaki dawa tu, nataka kuelewa, huyu anatoboa jani anaingia au jani lenyewe ndo linaota vile? Maana sioni alipopitia, kafunikwa pande zote.

Mama Chachandu
Piga maji ya mwarobaini mkuu, mengine waachie kidato cha sita hahaha

mzee_wa_miche
Kibarazani umeangalia vizuri kuliko huyo muuza dawa, ukungu na hivo vipele wapi na wapi. Hao ni visubi wa mwembe, vijinzi vya milimita moja mbili hivi, hata kikikutulia mkononi huna habari nacho. Jike anataga kwenye jani changa, yale mekundu mekundu laini yanayoning'inia, kwa sababu hapo seli bado zinagawanyika, jani likishakomaa kashachelewa. Funza akianza kula, kemikali zinazotoka mdomoni mwake zinaingilia homoni za mmea, oksini na saitokinini, ambazo ndo zinaamua seli gani igawanyike na gani itanuke. Basi pale alipo seli zinavimba na kuongezeka, na sio hovyo hovyo, wadudu wa aina hii wanapangiwa kabisa, tabaka la kumzunguka linabaki laini lina sukari na protini ndo anachokula, la nje linakuwa gumu lina tanini adui akigusa anakuta uchungu. Yani mpangaji kaja mikono mitupu, mwenye nyumba kamjengea chumba na anampelekea msosi mpaka kitandani. Kwa hiyo jibu ni kwamba jani ndo limeota likamfunika, na sukari inayotengenezwa sehemu nyingine inavutwa kuja hapo. Hako katundu ni mlango wa kutokea, sio wa kuingilia.

Tegeta Kwetu
Sasa kama mwembe ndo unajenga kwa nini vipele vyote vinafanana kama vimetoka kiwandani?

mzee_wa_miche
Kwa sababu ramani ni ya mdudu. Mti wa mwaloni huko Ulaya jani moja unaweza kukuta nyigu wa aina mbili tatu tofauti, huyu kajengewa kitufe bapa, yule kipira kama gololi, jani ni lile lile. Wino wa zamani uliotumika karne na karne ulitengenezwa kwa vipira vya mwaloni na chumvi ya chuma, sababu ni hiyo tanini niliyosema. Na funza akifa mapema kipele kinasimama kukua. Hapo ndo tofauti na ule uvimbe wa bakteria kwenye shina, yule bakteria anapachika jeni zake ndani ya seli za mmea, hata umuue yeye uvimbe unaendelea.

Nyamanori
Na ile miiba ya migunga huku kwetu Serengeti yenye mapira, sisimizi wamo ndani, ni hao hao?

mzee_wa_miche
Hapana, ile migunga inavimbisha yenyewe hata pasipokuwa na sisimizi, wao wanatoboa wanahamia. Kama unataka mfano mwingine tazama mikaratusi, kuna nyigu mdogo asili yake Australia, Kenya na Uganda alionekana 2002, na sisi tunaye. Anataga kwenye mshipa wa kati wa jani na vikonyo, miche inajikunja haipandi juu. Huyo ndo hasara kweli.

Kibarazani
Duh, shule hii. Kwa hiyo dawa nisipige kabisa?

mzee_wa_miche
Kwenye majani yenye vipele unachoma hela, dawa za kugusa hazimfikii na jani halirudi kuwa bapa. Kama ni mti mkubwa unazaa uache, utastahimili. Mche mdogo ndo wa kuangalia, majani yaliyozidiwa kata uchome, na yaliyodondoka chini usiyaache maana kuna aina wanakwenda kujigeuza kwenye udongo. Ukitaka kupuliza subiri mti utoe majani mapya, na ukishaona maua acha, nyuki na inzi wanaochavusha embe watakufa hao kabla ya visubi.

Mama Chachandu
Na bolibo nazo zinashambuliwa? Ninazo miche kadhaa kwenye viroba sijaigusa