Filamu ya bubu ya mwaka 1922: je, vijana wataielewa?

Mwalimu wa Kihesa, Iringa:
Naomba ushauri wenu. Nakusudia kuwaonyesha vijana filamu ya Manslaughter iliyoongozwa na Cecil B. DeMille, ambamo Leatrice Joy ni Lydia, binti tajiri mpenda mwendo wa kasi, anayesababisha kifo cha askari wa pikipiki na kushtakiwa na mwanasheria yuleyule anayempenda. Je, wataifuata bila sauti?

Dada wa Uyole:
Shikamoo, Mwalimu. Wataifuata, mradi awepo mtu wa kuwasomea maandishi kwa Kiswahili, kama ilivyozoeleka katika vibanda vya video. Ila asizungumze juu ya picha ya ajali, kwa kuwa pale Lydia anageuza gari ghafla na pikipiki inalivaa, na macho yanatosha.

Mdau wa Mbeya:
Naunga mkono. Waelezeni mapema kuhusu sherehe za Roma ya kale zinazoonyeshwa katikati ya filamu, la sivyo watadhani imeanza filamu nyingine. Kwangu mimi, uzito wake hauko katika mapenzi, bali gerezani, Lydia anapokutana na Evans, mtumishi wake aliyefungwa kwa wizi.

Mwalimu wa Kihesa, Iringa:
Marahaba, dada. Nitamtafuta msimuliaji.