Mjadala: Shirika la ndege liruhusiwe kuficha nauli kwenye skrini ya wakala?

Naanza kwa kutaja ninaposimama ili tusizungushane. Mimi ni wakala wa safari, kukata tiketi ndiyo kazi yangu ya kila siku, na msimamo wangu ni huu: nauli yoyote inayouzwa kwa watu wote ionekane pia kwenye mitandao ya pamoja ya mawakala, yaani Amadeus, Sabre na Travelport, mifumo ya kompyuta tunayotumia kutafuta na kukata tiketi za mashirika mengi. Wanaopinga wana hoja fupi: kiti ni mali ya shirika, na mwenye mali huuza anapotaka. Hoja hiyo ina uzito. Lakini msafiri hawezi kulinganisha asichokiona, na historia ya mitandao hii yote ni historia ya nani anapanga kinachoonekana.

Sabre ilijengwa na shirika la ndege la American Airlines pamoja na kampuni ya kompyuta ya IBM, ikaanza kazi mwaka 1960, enzi ambazo nafasi za abiria ziliandikwa kwenye kadi. Mwaka 1976 mashine zake zikaanza kuwekwa kwenye ofisi za mawakala, na shirika shindani la United nalo likaleta mfumo wake, Apollo. Hapo ndipo tatizo lilipoanza. Wakala mwenye wateja watatu mbele yake na simu inalia hafungui ukurasa wa nne, anauza kilicho juu. Mwenye mtambo alilijua hilo, akaziweka safari zake juu na za mshindani chini, hata zilipokuwa fupi zaidi. Robert Crandall, aliyekuwa rais wa American, aliliambia Bunge la Marekani waziwazi kwamba kupendelea safari zao kwenye skrini ndiko kulikowafanya wajenge mfumo ule. Mwaka 1984 Marekani ikapiga marufuku upendeleo huo, na Ulaya ikaweka kanuni zake mwaka 1989. Marekani ilizifuta za kwake mwaka 2004, mashirika yakiwa yameshajitoa kwenye umiliki wa mitambo. Ulaya bado inazo.

Sasa upendeleo umebadili sura. Zamani safari ilisukumwa chini. Leo nauli inaondolewa kabisa, au inatozwa zaidi. Septemba 2015 Lufthansa ilianza kuongeza euro 16 kwa kila tiketi iliyokatwa kupitia mitandao hii. Mwaka 2023 American iliziondoa nauli zake nyingi kwenye njia ya zamani ya mitandao hii ili mawakala wahamie NDC, kiwango kipya cha kupelekeana nauli kati ya mashirika na mawakala, ambacho IATA, chama cha kimataifa cha mashirika ya ndege, ilikianzisha mwaka 2012. Mwaka uliofuata ikarudi nyuma, baada ya kupoteza biashara ya makampuni yanayosafirisha wafanyakazi wao.

Niwaeleze yanayotokea mezani kwangu. Naandika amri AN15JUNCDGJFK, safari zote za tarehe 15 Juni kutoka Paris hadi New York zinashuka kwenye skrini, za mashirika yote. Mteja ananigeuzia simu yake: bei aliyoiona kwenye tovuti ya shirika iko chini ya yangu. Anadhani namwibia. Simlaumu, kwa sababu nauli ile kwangu haipo.

Mama mmoja mwenye mtoto mchanga aliondoka hivyo, akanunua mwenyewe tiketi mbili za mashirika mawili. Ndege ya kwanza ikachelewa, ya pili ikaondoka. Shirika la pili likamhesabu kuwa hakutokea, tiketi yake ikafa. Alinipigia akiwa uwanjani, mtoto analia, na sikuwa na la kufanya kwa sababu safari zile hazikuwa na namba moja ya kumbukumbu. Zingekuwa kwenye tiketi moja, lile shirika lililochelewa ndilo lingepaswa kumtafutia ndege nyingine. Zile herufi na tarakimu sita za namba hiyo watu wanaziona kama mapambo kwenye karatasi, lakini ndizo zinazobeba jina, safari zote na mabadiliko yote mahali pamoja.

Wanaopinga wanasema mitandao hii ni ghali na ni ya kizamani. Kuhusu ughali nawapa haki yao, tena niseme kinachotuuma sisi mawakala: shirika huilipa kampuni ya mtandao kwa kila safari iliyokatwa, na sehemu ya fedha hiyo mara nyingi hurudi kwa wakala kama motisha ya kuutumia mtandao ule. Abiria haambiwi. Nataka iandikwe kwenye risiti, hata kama itanipunguzia wateja. Wakala anayedai nauli zisifichwe hawezi kuficha malipo yake.

Kuhusu ukale, sikubali. Ni kweli mfumo ulijengwa kwa herufi tupu na hauonyeshi picha ya kiti. Lakini mitandao yote mitatu imeshaanza kupokea NDC, kwa hiyo kinachokwamisha ni mikataba. Shirika litoze gharama halisi ya kupita kwenye mtandao, iandikwe peke yake, na nauli yenyewe ibaki ile ile kila mahali.

Kwa anayetetea nauli ya kufichwa, naomba jibu la jambo moja: mama yule alipobaki uwanjani na tiketi iliyokufa, ni nani alipaswa kupokea simu yake?