Mama kasema "dunia ni mti mkavu": ananiaga?

Tausi
Habari zenu. Mama yangu ni mtu wa mafumbo. Mimi nimekulia mbali naye, Kiswahili changu ni cha darasani, na kila ujumbe wake wa sauti nausikiliza mara tatu, nne. Wa juzi umeninyima usingizi:

"Mwanangu, usinihurumie. Nimekula chumvi nyingi. Dunia imenionyesha kilichomtoa kanga manyoya, na bado mpini nimeushika mimi. Ila wewe kumbuka, dunia ni mti mkavu."

Kula chumvi nyingi najua ni kuishi miaka mingi. Mengine nimeyatafuta kwenye kamusi neno kwa neno nikazidi kupotea. Mpini wa nini? Na huo mti mkavu, ndiyo kusema amekaribia kufa? Naogopa kumuuliza nikamkosea adabu.

Mwalimu Mstaafu
Binti, tulia. Mama haagi.

Kanga hapa ni ndege. Kichwa chake na shingo kwa juu havina manyoya, na wahenga wakaona lazima kuna zito lililomkuta. Kuona kilichomtoa kanga manyoya ni kupata taabu kubwa, sawa na kuona cha mtema kuni. Tazama kwamba semi zote mbili hazikitaji hicho kitu. Kwangu mimi, ukali wake uko hapo.

Mpini ni wa kisu. Wawili wakikigombea, aliyeshika makali akivuta anajikata mwenyewe. Kwa hiyo mama amepita kwenye mateso, lakini uamuzi wa maisha yake bado uko mkononi mwake. Anayesema hivyo ana nguvu bado.

Kamusi imekupoteza kwa sababu nahau haivunjwi vipande. Sema "amekula sukari nyingi", maana imekufa. Sema "chumvi nyingi imeliwa", sarufi ni sahihi na maana imekufa vilevile. Nafsi na wakati tu ndivyo hubadilika: nimekula, walikula, atakula. Usitafute kitenzi peke yake. Kula kiapo, kula njama, kula hasara: hakuna kinachotafunwa hapo.

Nahodha
Mwalimu kauruka mti mkavu. Hiyo ni methali: "Dunia mti mkavu, kiumbe usiuelemee." Mti uliokauka kwa macho umesimama imara, lakini ukiuegemea kwa uzito wote unavunjika, nawe chini. Kilichokauka ni dunia, mama mzima. Kaikata katikati akidhani nusu ya pili unayo. Mama yangu naye hutuachia nusu, sisi watoto tunamalizia.

Ila dada, sikiliza tena. Kasema "wewe kumbuka". Chumvi, kanga na mpini ni habari zake. Mti mkavu kakupa wewe. Umeegemea nini siku hizi?

Tausi
Asanteni sana, wote wawili. Nimempigia leo asubuhi. Nikamwambia, "Mama, dunia mti mkavu," kisha nikamalizia mwenyewe, "kiumbe usiuelemee." Akanyamaza kidogo, akauliza nimefundishwa na nani.

Nahodha, umelenga penyewe. Alisikia kwa ndugu yangu kwamba nataka kuacha kazi nikaanze biashara kwa ahadi ya rafiki, ahadi ya mdomo tu. Hakutaka kunikataza. Tumezungumza karibu saa nzima, na mara hii alisema waziwazi, bila fumbo hata moja. Barua ya kuacha kazi niliyoiandika bado iko mezani.