Mjadala: Ukiambiwa "hiyo ni siri ya usalama", unyamaze?

Mwenye mada, Langoni, Amu

Assalaam alaykum jamani. Jana baada ya isha pale Mkunguni tulibishana mpaka chai ikapoa, nikaona bora nilete mjadala hapa, maana barazani mwenye sauti kubwa ndiye mshindi. Swali ni hili: serikali ikijenga kitu, ikasema ni cha ulinzi wa taifa, na majirani wakashuku kuwa kinawatilia sumu, wana haki ya kuchokonoa hadi wapi?

Niliwapa mfano wa Fernald, jimbo la Ohio, Marekani. Kiwanda kile kilisafisha urani ya kutengenezea mabomu tangu miaka ya 1950. Jina lake rasmi lilikuwa na neno ambalo kwa Kiingereza ni lishe ya mifugo pia, na tangi lake la maji lilipakwa miraba myekundu na myeupe mfano wa nembo ya kampuni ya chakula cha wanyama. Majirani wengine wakaishi pale miaka na miaka wakidhani mle ndani mnapikwa chakula cha mbwa! Mwaka 1984 ikafichuka kwamba vumbi la urani lilikuwa likivuja na kwamba visima vitatu nje ya ua vimechafuka. Wenyewe walijua tangu 1981. Lisa Crawford alikuwa mpangaji tu, na kisima cha nyumba aliyopanga kilikuwa kimojawapo. Mtoto wake alikuwa akinywa maji yale na kuogea. Januari 1985 akaenda mahakamani, na chama cha majirani, FRESH, akakiongoza miaka mingi. Mwaka 1989 wakakubaliana kulipwa dola milioni 78.

Msimamo wangu: kelele peke yake hazikuwafikisha pale. Walikuwa na karatasi ya vipimo mkononi.

Mwalimu mstaafu, Mkomani

Mwanangu, hoja yako inachechemea. Karatasi ile ilitoka wapi? Si kwa majirani. Waliopima ni haohao wenye kiwanda, wakakaa nayo miaka mitatu. Kwa hiyo mfano wako unathibitisha kinyume: asiye na kipimo chake hungoja huruma ya aliyemdhulumu.

Ukitaka raia waliojipimia, nenda St. Louis, Missouri. Kuanzia Desemba 1958, kina mama na wanasayansi wa mji ule walikusanya meno ya utotoni. Jino likidondoka, mzazi analitia kwenye bahasha pamoja na tarehe ya kuzaliwa, na mtoto anapewa beji ya kujivunia. Sisi tuliyarusha juu ya paa la makuti, wao wakayatuma maabara. Yalipatikana meno kama 320,000. Walichokuwa wakikitafuta ni stronti-90, takataka ya mlipuko wa nyuklia ambayo mwili huidhania chokaa. Inashuka na mvua, inaingia kwenye nyasi, ng'ombe anakula, mtoto anakunywa maziwa, nayo inakaa mfupani. Waliozaliwa 1963 walikutwa nayo karibu mara 50 kuliko waliozaliwa 1950. Nani atamkanusha mama aliyeshika jino la mwanawe?

Askari mstaafu, Mokowe

Mwalimu, kwa heshima zote, hayo meno yalipima vumbi la majaribio ya mabomu hewani. Mada ni viwanda. Tusichanganye mchele na chuya.

Na niseme lisilopendwa. Siri zipo kwa sababu. Njia ya Lamu ilipokuwa haipitiki bila msafara wa askari, hakuna aliyetudai ratiba ya doria, na angedai asingepewa. Sheria ya kupata habari ya 2016 yenyewe inaruhusu kuzuia jambo litakaloathiri usalama wa taifa. Kenya haina bomu. Imejifunga kwa Mkataba wa Pelindaba, unaokataza silaha za nyuklia Afrika nzima na ulioanza kufanya kazi 2009. Sasa tunajitisha kwa lipi?

Mwenye mada

Afande, ratiba ya doria nakupa, ifiche. Lakini tazama Hanford, jimbo la Washington, palipotengenezwa plutoni ya bomu la Nagasaki. Desemba 1949 waliachia makusudi moshi wenye iodini-131, iodini ya mionzi, wapate kujifunza namna ya kunusa viwanda vya Warusi kutoka mbali. Moshi ukaangukia mashamba ya raia wao wenyewe. Iodini hiyo hupita kwenye maziwa ikakaa kwenye tezi ya shingo, na mtoto ndiye anayeumia zaidi. Raia walidai nyaraka wee, mpaka mwaka 1986 zikatolewa kurasa 19,000. Miaka 37! Huyo adui aliyekuwa akifichwa miaka yote hiyo ni nani, kama si mama mwenye ng'ombe wake?

Na Mwalimu, umenishika. Nakubali, kipimo cha Fernald hakikuwa chao. Walichofanya ni kukataa kuachia baada ya kujua.

Kijana wa Malindi, Maweni

Mnazunguka Marekani wakati Uyombo, Kilifi, iko hapa chini yetu. Walipotaka kutujengea kinu cha nyuklia jirani na Watamu na hori ya Mida, watu waliandamana mwaka 2024, wakapigwa. Huo ndio mjadala.

Askari mstaafu

Kile kilikuwa cha umeme, si cha silaha. Chuya tena.

Kijana wa Malindi

Mvuvi wa Uyombo samaki wake hawaulizi bomu au umeme, baba.

Mvuvi, Kizingitini

Mimi si msomi, nitasema niliyoyaona. Kusi ya mwaka juzi nilikuta pipa ufuoni, la chuma, rangi ya samawati imebanduka, upande mmoja lina kibandiko cha manjano kimeliwa na chumvi nusu. Wanangu washaleta msumeno walikate liwe la kutekea maji, kama tufanyavyo siku zote. Nikawazuia. Nikaenda ofisi moja, nikatumwa ya pili, ya pili ikaniuliza kama nimepiga picha, na nisiisambaze. Siku kumi na moja pipa liko palepale na watoto wanalipanda.

Mwishowe akaja fundi wa mashine za boti, akalifungua, akachota kwa kidole, akanusa. Grisi! Tulicheka. Lakini usiku sikulala, kwa sababu kipimo chetu sisi watu wa Pate kilikuwa pua ya fundi, na hiyo mionzi mnayoisema naambiwa haina harufu.

Mwalimu mstaafu

Haina harufu, haina rangi, haina ladha. Ndiyo maana nang'ang'ania kipimo.

Mwanasheria mwanafunzi, Shela

Nawaonea wivu kwa matumaini. Mjue na kwingine. Kiwanda cha Mayak, Urusi, kilimwaga taka za mionzi kwenye mto Techa tangu 1949, na mwaka 1957 tangi lake la taka likalipuka. Nadezhda Kutepova alianzisha shirika la kuwatetea waathirika, kesi nyingine akashinda. Shirika likabandikwa jina la wakala wa wageni, televisheni ya taifa ikamsingizia ujasusi, na mwaka 2015 akakimbilia Ufaransa na watoto wake. Vipimo vilikuwepo, jamani. Kilichokosekana ni hakimu asiyeogopa. Hata Hanford kwenyewe, kesi za majirani zilifunguliwa miaka ya 1990 zikaburutwa hadi 2015, na wengine walikuwa wameshazikwa.

Hapa kwetu angalau tuna kifungu cha 42 cha katiba, haki ya mazingira safi. Tarehe 26 Juni 2019 leseni ya kiwanda cha makaa ya mawe cha Kwasasi ilifutwa, na sababu mojawapo ni kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Walioleta shauri lile ni watu mnaopishana nao vichochoroni.

Bi mkubwa, Mtamwini

Yeo mumeamka na mabomu! Mumemsahau mshairi. Kazakistani, Februari 1989, Olzhas Suleimenov alipewa nafasi kwenye televisheni asome mashairi. Akayaweka kando, akasema mionzi imevuja kwenye uwanja wa majaribio wa Semipalatinsk. Watu wakajaa wakaunda harakati, na tarehe 29 Agosti 1991 uwanja ukafungwa, baada ya milipuko 456. Hakuwa na kipimo wala hakimu. Alikuwa na ulimi.

Askari mstaafu

Majaribio tena, Bi mkubwa. Lakini kwa huyo mshairi nanyamaza.

Mwenye mada

Basi nibadilishe swali liwe dogo. Mji wetu unakunywa maji ya chini ya machuguu ya mchanga ya Shela. Nani hapa ana rekodi yoyote ya maji ya kisima chake, hata ya chumvi tu, yenye tarehe? Tukija kulalamika siku moja kwamba yamebadilika, tutaulizwa yalikuwaje kabla.

Mwalimu mstaafu

Ninayo daftari ya chumvi, tangu 2011. Wanafunzi wangu walipima kila mfungo mosi. Kurasa tatu zimeliwa na mchwa.

Mvuvi, Kizingitini

Mwalimu, nikija Amu Alhamisi nitakuletea chupa ya kisima chetu. Pipa bado ninalo, nawekea nyavu.