Historia ya Ureno: nijue nini kabla ya kufika Lisbon?

Mwendapole
Wakuu, salaam. Aprili nitakuwa Ureno siku nne, tatu Lisbon na moja nje ya mji. Vasco da Gama na Fort Jesus tulisoma shuleni, ila ya huko kwao siyajui. Nianze na tarehe zipi, na nizione wapi, nisije nikaishia kupiga picha majengo nisiyoyaelewa?

Nanga
Mkuu, anza na 1 Novemba 1755. Bila tarehe hiyo Lisbon haieleweki. Ilikuwa sikukuu ya Watakatifu Wote, asubuhi, watu wamejaa makanisani na mishumaa inawaka. Tetemeko likaangusha majengo, moto ukashika na kuwaka kwa siku kadhaa, na waliokimbilia ukingo wa mto Tagus wakakutwa na tsunami.

Ndiyo maana mitaa ya Baixa imenyooka kama mistari ya daftari: eneo lote lilijengwa upya chini ya waziri Marquês de Pombal. Ndani ya kuta waliweka fremu za mbao zenye mihimili ya mshazari, ili ardhi ikitikisika mbao zicheze na nyumba isiporomoke. Alfama, iliyo mlimani, ilinusurika kwa sehemu kubwa. Mpangilio wa vichochoro vyake ni wa tangu enzi za Waislamu, walioushika mji mpaka 1147. Tembea Alfama kwanza, kisha teremka Baixa. Tofauti utaiona mwenyewe. Malizia Convento do Carmo, kanisa ambalo mpaka leo halina paa, matao yamebaki wazi.

Kijiweni
Ukishafika Carmo usiondoke haraka. Kiwanja kilicho mbele ya kanisa ndipo utawala wa kidikteta ulipoangukia, 25 Aprili 1974. Waziri mkuu Marcelo Caetano alikuwa amejifungia kwenye kambi iliyo hapo hapo, wanajeshi wa Kapteni Salgueiro Maia wakaizingira mpaka akasalimu amri. Salazar alikuwa ametawala tangu 1932 hadi 1968, Caetano akarithi.

Kilichowachosha maofisa wale ni vita vya Angola, Guinea-Bissau na Msumbiji. Hapo historia yao inakutana na yetu: FRELIMO iliundwa Dar es Salaam mwaka 1962, na Msumbiji ikapata uhuru 25 Juni 1975, miezi 14 baada ya siku ile ya Carmo. Nenda pia Museu do Aljube, karibu na kanisa kuu la Sé. Ni gereza la zamani la wafungwa wa kisiasa, na kwangu lina uzito kuliko jumba lolote la kifalme. Ukiwepo tarehe 25, ofisi na benki hufungwa, na mchana kuna maandamano makubwa Avenida da Liberdade.

Nanga
Belém, eneo la Lisbon lililo kando ya mto, ipe nusu siku: tramu namba 15E, au treni kutoka Cais do Sodré. Monasteri ya Jerónimos hufungwa Jumatatu na Jumapili ya Pasaka, na Pasaka mara nyingi huangukia Aprili, kwa hiyo angalia kalenda. Ukiingia kanisani, kaburi la Vasco da Gama liko kushoto, chini ya roshani ya kwaya. Ujenzi ulianza mwaka 1501 au 1502 na uligharimiwa kwa ushuru wa biashara ya Afrika na Asia. Ukiwa hapo kumbuka kwamba mwaka 1505 meli za Ureno ziliteka na kupora Kilwa na Mombasa.

Mnara wa mabaharia ulio ukingoni mwa mto wengi huudhani wa kale. Ni wa 1960, enzi za Salazar, na ulikusudiwa kuutukuza ukoloni.

Mwendapole
Shukrani sana. Na ile siku ya nje ya mji?

Kijiweni
Nenda mji wa Batalha. Tarehe 14 Agosti 1385, huko Aljubarrota, mfalme João I aliwashinda Wakastilia, watu wa ufalme jirani ulio Hispania ya leo, na Ureno ikabaki nchi huru. Monasteri ya Batalha ilijengwa kwa nadhiri ya ushindi huo. Ndani amelala yeye, mkewe Philippa wa Lancaster, na mwana wao Henrique, aliyekuwa akituma meli kushuka pwani ya Afrika Magharibi. Batalha haina stesheni ya treni. Panda basi Lisbon, kituo cha Sete Rios. Mabasi ya moja kwa moja ni machache, kwa hiyo chagua kwanza la kurudi, ndipo ukate tiketi ya kwenda.