Fielder inakwaruza mbele kushoto hata sijakanyaga brek, nianzie wapi?

mkaazi_kiboswa: Wadau habari zenu. Niko na Fielder ya otomatiki, kila siku nashuka nayo kutoka Kiboswa mpaka Mamboleo naingia Kisumu mjini. Tangu nipite murram ya kwenda Seme wikendi naskia mbele kushoto khrr khrr, kama bati linaburutwa, gari ikikimbia inaharakisha, nikipunguza inapungua, nikanyage brek nisikanyage ni ile ile. Fundi mmoja ameskiza tu akiwa nje ya gari, tairi hajatoa, akaniambia ninunue padi (vile vipande vya kubana diski ukishika brek), diski mbili na brek shuu za nyuma. Mimi hubeba watoto na hiyo gari, nataka kujua shida haswa iko wapi.

fundi_njoro: Usinunue kitu bado mkuu. Kwanza angalia inalia saa ngapi. Ikilia ukikanyaga peke yake, hapo shuku padi na diski. Ikilia tu gari ikitembea na ulitoka murram, mara nyingi ni kajiwe kameingia kati ya diski na lile bati jembamba la kuzuia vumbi. Piga jeki, toa tairi, zungusha diski na mkono utaskia kanakwaruza wapi. Vuta hilo bati kidogo kajiwe kadondoke. Fundi asiyetoa tairi hajakagua brek, tusidanganyane.

dereva_salgaa: Naongezea hapo, tairi ikitoka usiangalie padi ya nje peke yake!! Watu huchungulia ya nje wanaona iko sawa wanarudisha tairi, kumbe ya ndani imeisha kwa sababu pini za kalipa (ile inashika padi na kuzibana kwa diski) zimekauka, kalipa haitelezi tena. Ikibaki kama milimita 3 badilisha. Na usingoje ipige kelele, padi nyingi ziko na kachuma ka kukwaruza diski zikiisha lakini zingine za bei rahisi hazina kabisa. Ukiskia chuma kwa chuma ukikanyaga, usishuke Mamboleo na hiyo gari, ita fundi akuje nyumbani.

mama_wa_probox: Na kama ni mngurumo unabadilika ukikata kona, hiyo ni bearing ya gurudumu. Kukwaruza kwa asubuhi baada ya mvua na kunaisha ukishika brek kidogo ni kutu ya juu ya diski tu, usihangaike.

mkaazi_kiboswa: Asanteni sana, Mungu awabariki. Tumetoa tairi na jirani, kajiwe kalikuwa hapo na kelele imeisha. Lakini @dereva_salgaa umeniokoa, padi ya ndani imebaki nyembamba sana kuliko ya nje na pini ya chini haisongi. Diski ni laini, haina mifereji. Sasa?

fundi_njoro: Diski wacha, lakini ipimwe unene. Nunua padi za mbele, ubadilishe kushoto na kulia pamoja, ukibadilisha upande mmoja gari inaweza kuvuta. Pini zisafishwe zipakwe grisi ya brek, si hii ya kawaida, hii huvimbisha mipira halafu pini inashika tena. Wakimaliza, kabla gari isonge hata hatua moja kanyaga pedali polepole mpaka ikaze, kwa sababu pistoni ya kalipa, ile husukuma padi, imerudishwa ndani na mkanyago wa kwanza unaweza kuzama mpaka chini.